"Mwanangu, Una Sukari?"

Nimeulizwa hivyo leo saa saba na robo mchana na mama anayegawa chakula kafteria ya chuo, kwa sauti iliyozoea kushindana na masufuria. Nyuma yangu foleni ilikuwa imefika mlangoni. Kosa langu ni kusema: "Shikamoo mama, naomba wali nusu, mchicha mara mbili."

Nikajitetea kwamba siumwi, nataka tu kula vizuri. Akanihurumia zaidi, maana kwake kula vizuri ni kuongezewa nyama. "Usione aibu baba, hata shemeji yangu anayo." Foleni ikanipa pole kwa pamoja kama kwaya. Jamaa mmoja akanishauri nichemshe majani ya mlonge.

Ila lazima uijue mitambo ya pale dirishani. Wali hushindiliwa kwenye bakuli la plastiki, bakuli likafunikwa juu ya sahani, likagongwa mgongo mara moja, ukasimama mlima. Bakuli moja, tiketi moja. Wali nusu haupo kwa sababu tiketi nusu haipo. Maharage ni elimu nyingine. Yenyewe hukaa chini, mchuzi huelea, kwa hiyo hadhi yako inapimwa kwa kina cha upawa. Wacheza mpira huzamishiwa mpaka sakafuni. Mimi nilichotewa juu juu, na hapo ndipo roho iliponiuma, kwa sababu protini ya mchele ina upungufu wa laisini na maharage yanayo tele. Ukivila pamoja vinafidiana. Bibi zetu walivipatanisha bila maabara, upawa unavitenganisha. Mchicha hauna hata chombo chake. Huja kwa ncha ya kijiko, kama dawa ya kikohozi.

Jumatatu niliulizia dona, nikaambiwa nimepotea njia. Jumatano nilinunua kipande cha tikiti, nikasoma tangazo la ukutani kupitia humo.

Nacheka, lakini sicheki sana. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Bumu, yaani posho yetu ya chakula na malazi, ni shilingi 10,000 kwa siku, na pango limo humo humo. Nje ya geti mchicha umelundikwa mafungu kwa mafungu, rahisi kabisa, ila hosteli haturuhusiwi kupika. Jiko la umeme linasakwa kama bangi. Basi tunarudi dirishani, mlima ule ule. Na si wa bure: ni mkopo. Nikija kuajiriwa nitakatwa asilimia 15 ya mshahara kulipia wali ambao niliomba upunguzwe.

Jioni nimerudi nimejiinamia. Mama akaniona kwa mbali, akatoa sahani aliyoifunika pembeni: maharage mazito ya chini kabisa, mchicha mara mbili, wali nusu. Tiketi moja.

"Ya mgonjwa wangu hiyo. Kwani mchana ulikuwa unanificha? Unayo, huna?"

Nikamwambia ninayo.