Sifa za Kikwazo cha Ufunguo

Malenga wa pwani wamekwisha kusifu masultani na majahazi, minazi na mabibi wa enzi, wala sijasikia hata mmoja aliyepaza sauti kumsifu kiumbe duni, mwenye kuchukiwa na makarani na mafundi wa kompyuta kwa pamoja, ambaye wadhifa wake wote ni kusema "hapana" pale ambapo kila mtu alitaraji kukaribishwa. Namkusudia kikwazo cha ufunguo, yaani yale masharti machache ambayo hifadhidata ya nyaraka huyashikilia hata baada ya kujitangaza kuwa haina masharti. Kwa kuwa mnyonge aghalabu hupoteza haki yake kwa kukosa wakili, nimejitolea kumtetea, na mashahidi wangu wanatoka Handeni na Korogwe.

Hifadhidata za namna hii, kama MongoDB iliyotoka mwaka 2009, zilipata sifa kwa ukarimu: hazimlazimishi mtu kutangaza safu zake mapema, bali kila waraka huingia na sura yake. Umri wa mkulima ukiandikwa 34 hupokewa; ukiandikwa kwa maneno hupokewa; ukiandikwa "mtu mzima" hupokewa kwa taadhima ile ile, na hasara ya ukarimu huo haidhihiriki mpaka siku ya kutafuta wastani. Katika karamu hiyo isiyo na bawabu, kikwazo cha ufunguo ndiye pekee aliyebaki na akili timamu.

Tazameni hekima yake katika jambo la nukta. Daftari la kijiji, tangu zama za kalamu na wino, huwa na vichwa vya safu kama "Na.", "S.L.P." na "Tsh.", na hakuna aliyeiona nukta kuwa ni dhambi. Walakini katika MongoDB nukta ni alama ya njia, yenye maana kwamba L imo ndani ya S, na P imo ndani ya L. Kwa hiyo mongoimport, chombo chake cha kuingizia majedwali, hukataa kichwa kinachoishia na nukta. Karani hulaani, lakini anayekataliwa wa kwanza ni nani? Ni "Na.", safu isiyotoa habari yoyote ya mtu ila nafasi yake katika orodha, nayo hubatilika pindi orodha inapopangwa upya. Wapo wanaomkwepa: KoboToolbox, itumiwayo na watafiti wa vijijini, huibadili nukta kuwa herufi nyingine kabla ya kuiweka. Na toleo la 5.0, la mwaka 2021, liliyalegeza zaidi masharti ya nukta na ya alama ya dola, jambo ambalo mimi, kwa heshima ya mteja wangu, nalihesabu kuwa msiba.

Lakini utukufu wake hasa umo katika kukataa marudio. Kila waraka una ufunguo uitwao _id, usioweza kurudiwa katika mkusanyo mmoja. Mkoa wa Tanga una halmashauri 11. Mtu akizipakia kwa jina tupu kuwa ndilo ufunguo, Handeni itaingia, na Handeni ya pili itarudishwa na kosa liitwalo E11000, kisha Korogwe itafikwa na yayo hayo. Mwenye haraka atasema mashine ina wazimu. Haina: Handeni ina Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya, Korogwe vivyo hivyo, na mahindi ya moja si mahindi ya nyingine. Yule ajionaye mwerevu akiamuru waraka mpya uchukue mahali pa uliotangulia, kosa litatoweka, na pamoja nalo itatoweka wilaya nzima bila hata kilio. Insafu yanilazimu kukiri kwamba mteja wangu huona herufi tu: Kilindi ilimegwa kutoka Handeni mwaka 2002, na takwimu za Handeni ile kubwa zikiwekwa kando ya za Handeni ya leo, kila moja na ufunguo wake, yeye hatatia neno.

Hutufundisha pia adabu mbele ya tarakimu. Namba ya kitambulisho itolewayo na NIDA ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa, ilhali namba kamili ya biti 64 katika MongoDB haizidi tarakimu 19. Anayeilazimisha iwe namba ya nukta inayoelea huipotosha mkiani, na watu wawili ambao namba zao zimekaribiana hugeuka mtu mmoja. Ufunguo ukilalamika kwa marudio, huyo ndiye shahidi pekee wa aliyepotea. Dawa ni kuiandika kama maneno, kwani hakuna ajumlishaye vitambulisho. Na ukomo wa megabaiti 16 kwa waraka mmoja humzuia yule atakaye kuitia wilaya yote, kata zake, vijiji na kaya, ndani ya waraka mmoja.

Basi, ewe msomaji mwenye jedwali mkononi, kabla hujapakia, ondoa nukta katika vichwa vya safu, andika aina ya halmashauri kando ya jina lake, na mwaka pale mipaka ilipohama. Ukikataliwa baada ya hayo, usiizime kinga. Soma ufunguo uliorudishwa, kisha amua ni Handeni ipi uliyoikusudia.