Udongo wa Bibi Wawili

Ndugu msomaji, kama nawe ni baba mwenye nyumba iliyojaa watu na mhariri anayesubiri makala, basi Aprili unaijua. Sikukuu zinafuatana, masika yanamwaga, nguo hazikauki, na kila ukishika kalamu kuna anayekuita sebuleni. Lakini nakwambia kwa dhati, sijaona mwezi wenye visa vya kuandika kama huu.

Chukua Aprili ya 2023. Siku ya Karume, tarehe 7, iliangukia Ijumaa Kuu, watoto wakanuna kwa kupunjwa sikukuu moja. Pasaka ikaingia katikati ya Ramadhani, Iddi ikafuata, kisha Muungano tarehe 26. Na kwetu hakuna sikukuu ya jirani. Mimi ni Mwislamu wa Unguja, mke wangu Mkristo wa Marangu, na mama zetu wote wawili walikuwa nasi hapa Dar es Salaam.

Mama yangu ndiye Bi Mkubwa. Mama mkwe, watoto wamembandika jina la Bibi Mabegi, maana hashuki basi la Moshi bila mizigo ya kumtoa utingo jasho: ndizi mshare, maparachichi, na safari hiyo mche wa mgomba na udongo wake ndani ya kiroba. "Nimemletea mkwe wangu kitu cha kudumu," akasema. Mke wangu ni Mkaguzi Mkuu. Aprili ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) huwasilishwa bungeni, naye ndipo hukagua stakabadhi zetu, kuanzia sukari ya futari hadi nauli za wageni.

Ijumaa ile nilijifungia chumbani niandike juu ya Mzee Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, aliyepigwa risasi Kisiwandui jioni ya 7 Aprili 1972. Vitabu viko mezani, majina ninayo, miaka ninayo, makala haiendi. Kelele za jikoni zikanitoa. Nikamkuta Bi Mkubwa anapepeta mchele huku akimsimulia Bibi Mabegi jioni ile ile. Alikuwa msichana wa Ng'ambo. Baba yake alifunga mlango mapema, mama yake akazima jiko na wali haujaiva, watoto wakalala na njaa na hakuna aliyethubutu kuuliza. Sufuria hiyo haimo katika kitabu changu hata kimoja! Nikavuta kigoda, nikaandika kila neno nyuma ya stakabadhi ya nyama, kwa kuwa ndiyo karatasi iliyokuwa karibu.

Jumapili ya Pasaka Bibi Mabegi alirudi kutoka kanisani, akaambiwa chakula chake kiko tayari. Akakataa katakata. "Nile vipi na mwenzangu amefunga?" Akangoja adhana ya magharibi, wakakaa mkeka mmoja, mtori kwa tambi. Iddi ilikuwa na vurugu zake za kila mwaka: kungoja mwezi hadi usiku, na kubishana kama nyama inunuliwe leo au kesho.

Kisha ikaja Muungano. Kitindamimba wetu, tunayemwita Mpelelezi, alikuwa ameona kitabuni picha ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar mwaka 1964. Akaona vifaa vyote vipo nyumbani. Akaufukua mgomba uliokuwa umeanza kushika, akakung'uta mizizi. Akang'oa mrehani wa Bi Mkubwa kwenye kopo la maziwa, mrehani uliovuka bahari na udongo wake kutoka kwa ndugu zetu wa Makunduchi. Udongo wa mimea yote miwili akausonga kwa mwiko ndani ya bakuli la kaure lenye maua ya buluu, ambalo Mkaguzi halitoi kabatini ila siku ya Iddi. Nilipofika, tope lilikuwa limemfika viwikoni.

"Wa Bibi ni mwekundu, wa Bi Mkubwa una vijiwe vyeupe," akanieleza. "Lakini Baba, sasa hautengani tena."

Nyumba nzima ikamiminika uani. Mkaguzi alidai bakuli, Bi Mkubwa mrehani wake, na Bibi Mabegi akauliza ni nani atakayepanda basi kwenda kuleta mche mwingine. Mimi nikakabidhiwa jembe. Bi Mkubwa akaamua kila mmea upewe nusu ya tope lile, Bibi Mabegi akasimamia kina cha shimo, na ubishi juu ya kina hicho ukatufikisha magharibi, mvua ikitunyea.

Makala niliiandika usiku uleule, nikamsomea Mkaguzi kitandani. Alicheka hadi akawaamsha bibi wote wawili. Kisha akataka mawili: iandikwe kwamba bakuli ni zawadi ya harusi kutoka kwa shangazi yake, na stakabadhi ya nyama irudishwe kwenye faili. La bakuli nimeliandika. Stakabadhi sitoi, wali wa Bi Mkubwa uko nyuma yake.