Mla Nyama wa Tukuyu

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Wahenga hao hawakuwahi kukodi chensoo Tukuyu. Huku kwetu mla nyama ni mwenye cheni butu, kwa sababu petroli ananunua mwenye mti.

Mwenye mti ni mimi. Mlingoti aliouacha marehemu baba umenenepa, umeinamia bati la jiko, na mvua zetu za Rungwe, zinazopita milimita 2,000 kwa mwaka, hazina subira na mti ulioinama. Nikamwita kijana wa chensoo kutoka njia ya Katumba. Akaja na mashine, kidumu cha oili chafu ya kulainishia cheni, na njaa.

"Tupa umekuja nayo, mwanangu?"

"Mzee, tupa ya nini? Cheni hii ni moto."

Ndaga fijo, yaani asante sana. Cheni kali hutema chenga nene, za kuokota kwa vidole. Hii ilitema unga, tena laini, mpaka jirani akachungulia juu ya migomba kuuliza nani kaleta mashine ya kusaga. Kijana akailalia chensoo kwa kifua, moshi ukaanza kutoka kwenye mti wenyewe, petroli yangu ikashuka galoni nzima mwanya ukiwa wa kupitisha kiganja. Akasimama, akatoa hukumu: mlingoti wako mgumu, mzee.

Akaenda kunolewa cheni kwa mtu wa grainda. Ikarudi meno yana rangi ya buluu. Jino likishakuwa buluu limeungua. Chuma kimepoteza ugumu wake, na cheni inabaki kazi ya kufungia mbwa. Nikamnunulia nyingine, nikaazima tupa kwa shemeji. Kijana akanoa kila cheni ilipochoka, na nisimdhulumu: pembe ya nyuzi 30 aliipata, ingawa meno ya mkono wa kulia aliyapenda kuliko ya kushoto, ndiyo maana mbao zangu zimepinda.

Halafu unga ukarudi.

Hapa ndipo ninapogombana na mafundi wa wilaya nzima. Mbele ya kila jino kuna kinundu. Hicho ndicho kinachoamua jino lizame kiasi gani. Mgongo wa jino unateremka kuelekea nyuma, kwa hiyo kila unaponoa, ncha inashuka. Kinundu usichokigusa kinabaki na urefu wake wa dukani. Mwishowe jino ni wembe, lakini haligusi mti. Kwa cheni nyingi kinundu kinatakiwa kiwe chini ya ncha kwa milimita 0.65 hivi, pungufu kidogo ya unene wa kadi ya benki, kadi ambayo mwisho wa mwezi haina kazi nyingine. Tupa bapa, misuguo miwili mitatu, kisha unaviringisha bega lake la mbele. Usipitilize, maana kikishuka mno jino linang'ata kuliko nguvu ya injini, na mashine inakurukia usoni.

Nikamwonyesha. "Mzee, hicho hatugusi. Cheni imetoka nacho kiwandani."

Aliyetuletea cheni ya namna hii ni mkata miti wa Oregon, Marekani, Joseph Cox. Mwaka 1946 alimtazama buu akitafuna gogo, taya moja kulia, nyingine kushoto, akaiga, na mwaka 1947 cheni ikaanza kutengenezwa. Buu yule hakudai petroli wala chakula cha mchana.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usikubali tena habari ya "wewe leta mafuta". Patana kwa ubao, petroli iwe juu yake. Utashangaa tupa bapa zilivyo nyingi Tukuyu.