Roli Linalokunywa Mbolea
Denver, Colorado

Wazee wetu, akina mama, na vijana wote wa Kagondo mtakaosomewa barua hii:

Gari dogo likiuzwa jipya hapa Marekani, hata iwe Corolla ya kwendea kazini, sheria inataka libandikwe karatasi dirishani inayomwambia mnunuzi litakunywa mafuta kiasi gani. Serikali inasimamia vipimo, inapanga maandishi, inakagua. Lakini uzito wa gari pamoja na mzigo linaoruhusiwa ukivuka kilo 3,855 hivi, karatasi hiyo haitakiwi tena. Kwa hiyo zile pikapu kubwa za dizeli, ambazo moja ikiegeshwa uwanja wa Kaitaba inaziba karibu goli zima, zinauzwa bila neno lolote kuhusu kiu yao. Mlevi mdogo anapimwa pumzi, mlevi mkubwa anapishwa njia. Nawaandikia hayo kwa sababu mnauliza, na Watanzania wa huku wanaulizana pia, ni roli gani la dizeli linalofaa kukokota nyumba.

Ndiyo, nyumba. Trela lenye vitanda, jiko, friji, choo na bafu, uzito wake kama kilo 4,000 likishapakiwa, na nyuma yake lina namba ya usajili. Najua mtakalosema. Kwetu nyumba haina maana bila kibanja: migomba, mibuni, na waliotangulia wamelala palepale. Huku mtu anafunga nyumba yake ya vyumba sita, anakokota ya chumba kimoja maili mia mbili, kisha analipa ili aiegeshe karibu na mwenzake aliyefanya vilevile. Nikitaka kuwacheka nakwama mahali pamoja. Kuta na dari za nyumba za huku zimeshindiliwa pamba, mvua inanyesha usiku kucha mtu asijue. Ndani ya trela mvua inasikika. Mhaya aliyezaliwa chini ya bati hahitaji sababu nyingine ya kulipenda trela.

Tatizo ni namna watu wanavyochagua roli. Wanaanza na injini, na wauzaji wanafurahi waanzie hapo, maana takwimu zake zinatia kizunguzungu. Ford wanatangaza nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 1,627 katika injini yao kubwa ya dizeli. Ram, yenye injini ya Cummins, inafika 1,458. Chevrolet na GMC wana 1,322. Mpate picha: injini ya 1HZ ya lita 4.2, ile ya Land Cruiser zinazopanda Kamachumu kwenye tope, ina 285. Mtu wa kwetu akisikia hesabu hiyo anaona jambo limekwisha, achukue yenye namba kubwa. Mimi nasema hilo ni kosa, na ushahidi umebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Pale pana kibandiko chenye mstari wa njano kinachosema uzito wa watu na mizigo yote usizidi kilo kadhaa. Hicho ndicho cha kusoma kwanza, kwa sababu trela halivutwi tu, linabebwa pia. Pua ya trela, pale linapofungwa kwenye gari, hukandamiza mgongo wa roli kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Ikikandamiza pungufu ya hapo, trela linaanza kuyumba barabarani, na likiyumba kwa kasi ya huku linaweza kulipindua na roli. Hesabu ni ya darasa la tano. Trela la kilo 4,000 kwa asilimia 12 na nusu ni kilo 500 mgongoni. Ongeza vyuma vya kulifungia, kama kilo 45. Ongeza baba, mama na watoto watatu, 350. Ongeza majiko, viti, mkaa na ndizi za kuchoma, 100. Umefika kilo 995 kabla hata ya shangazi kupanda. Pikapu ya kawaida ya huku, wanayoiita ya nusu tani, mara nyingi kibandiko chake kinasema kilo 700 na kitu. Tangazo la pikapu hiyohiyo linaweza kujigamba kwamba inavuta tani 6, na halidanganyi. Ila tani 6 hizo zingeweka kilo 750 kwenye mgongo ambao umeshajaa watu.

Tangazo linapataje ujasiri huo? Kipimo wanachofuata viwanda kinaitwa SAE J2807, na ni kipimo cha haki kuliko fujo iliyokuwepo kabla yake. Lakini kinamhesabu dereva na abiria mmoja tu, kila mmoja kilo 68, na pua ya trela kwa asilimia 10. Kilo 68! Nawaomba mtazame msafara wa arusi unaoshuka kutoka Muleba, mnitafutie watu wazima wawili wa kilo 68 waliokaa kiti cha mbele. Sisi tuliolelewa kwa matoke hatukushirikishwa katika kipimo hicho.

Hapo ndipo roli zito linapojitetea lenyewe, na hapo ndipo dizeli inapoingiza kichekesho chake. Injini ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli kwa mamia ya kilo, na uzito huo unakatwa kwenye mzigo wa mgongoni. Roli la daraja la robo tatu ya tani, yaani F-250 au zile za 2500, mara nyingi huandikishwa lisizidi ratili 10,000 kwa ujumla, kilo 4,536 kwa hesabu yetu. Likiwekwa dizeli, milango minne, viti vya ngozi na kioo cha kufunguka paani, kinachobaki ni kama tani moja au pungufu. Mtu amelipa karibu dola 10,000 zaidi apate injini ya kuvuta mlima, na injini yenyewe imekalia nafasi ya shangazi. Daraja la juu yake, la tani moja, F-350 au 3500, kwa macho ni gari lilelile. Tofauti iko kwenye springi na kwenye karatasi, lakini karatasi hiyo inakupa mgongo wa kilo 1,600 na zaidi. Halafu angalieni sheria: likishavuka ratili 10,000, hata kile kibandiko cha njano hakilazimishwi tena! Kinabaki kibandiko cha uzito wa jumla, utoe mwenyewe. Kadiri gari linavyokuwa kubwa, ndivyo linavyoruhusiwa kunyamaza.

Najua kuna watakaosema basi tuache dizeli, tununue petroli. Hoja hiyo ina nguvu kuliko mashabiki wa dizeli wanavyokiri. Petroli ni rahisi kununua, ni nyepesi, na mgongo wake ni mpana zaidi. Wewe unayeishi Houston, ambako nchi ni tambarare, na unakokota mara chache kwa mwaka, nunua petroli ndugu yangu, hizo dola 10,000 mjengee mama nyumba. Lakini Denver iko mita 1,609 juu ya bahari, na barabara kuu ya I-70 inapanda kutoka hapa hadi handaki la Eisenhower lililofunguliwa 1973, karibu mita 3,400. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila mita 300 za kwenda juu, kwa hiyo pale juu imeacha theluthi nzima njiani. Dizeli yenye tabo inajisukumia hewa yenyewe, haipungukiwi sana. Na kupanda ndiyo sehemu nyepesi. Mnaujua mteremko wa Nyangoye: magari hayaui yakipanda, yanaua yakishuka. Kushuka kutoka handaki hilo ni mteremko wa asilimia 7, na roli la dizeli lina breki ya ekzosi inayolishikilia bila kuchoma breki za magurudumu. Kwangu mimi hiyo breki ndiyo sababu ya kununua dizeli. Nguvu za farasi mia tano ni za kupigia picha.

Sasa kuhusu mbolea, maana najua hamtaniamini. Roli la dizeli la leo lina matangi mawili. Moja la dizeli, la pili la urea. Ndiyo, urea, ileile mnayopanga foleni ya ruzuku. Inayeyushwa kwenye maji safi kwa asilimia 32.5, inauzwa kwenye vituo vya mafuta, na kazi yake ni kunyunyiziwa kwenye moshi ili sumu ya nitrojeni igeuke hewa ya kawaida na mvuke. Ni kemia nzuri, moshi hauonekani. Lakini ikiisha, kompyuta haikubali maelezo. Inaonya, kisha inapunguza mwendo hatua kwa hatua, na roli la dola 80,000 linaweza kuishia kutambaa kwa mwendo wa mtu anayetoka misa. Madereva walilalamika miaka mingi mpaka 2025, EPA, mamlaka ya mazingira ya huku, ilipotoa mwongozo wa kulegeza adhabu hiyo. Tena urea hiyo huganda baridi ikifika nyuzi 11 chini ya sifuri, jambo la kawaida Denver mwezi Januari, kwa hiyo tangi lake limewekewa hita. Huku mbolea inapashwa moto. Huko migomba inamsubiri ng'ombe.

Wa Kagondo mtanijibu kwamba haya yote ni deko: Canter iliyoandikwa tani 3 inabeba lumbesa mpaka springi zinanyooka, na Jumatatu inarudi kazini. Kijana mmoja msomi ataongeza kwamba Hilux inaruhusiwa kuvuta tani 3.5 kule Ulaya na Australia, ya nini kununua jengo? Nianze na msomi. Ulaya trela hutengenezwa pua yake iwe nyepesi, na wanakwenda polepole. Ujerumani gari lenye trela kwa kawaida halizidi kilomita 80 kwa saa. Hapa Colorado barabara kuu inaruhusu 120, na asiyefika anapigiwa honi. Kasi hiyo ndiyo inayodai pua nzito, na pua nzito ndiyo inayodai roli zito. Wamarekani wangepunguza mwendo, nusu ya barua hii isingehitajika, ila ushauri huo siutoi kwa sauti.

Kuhusu lumbesa sitatania. Watu wa ziwa letu hawana haja ya kufundishwa maana ya namba iliyoandikwa ubavuni mwa chombo. Meli ya MV Bukoba iliruhusiwa abiria 430. Ilipozama tarehe 21 Mei 1996, baada ya kupakia Bukoba na Kemondo, waliokufa peke yao walikuwa wengi kuliko hao. Kinachonishangaza ni kwamba Tanzania, nchi maskini yenye mizani za mpakani na za njiani, gari la tani 3.5 na zaidi linapimwa, wakati tajiri huyu anamruhusu mstaafu aliyezoea Corolla, katika majimbo mengi na kwa leseni ileile, aunganishe msafara wa tani 11 na kupita kituo cha mizani akipunga mkono. Akitaka kujua uzito wake anajipeleka mwenyewe kwenye mizani ya kulipia ya madereva wa maroli. Wengi hawajipeleki.

Basi mwenye trela la tani 4 anayeishi milimani achukue dizeli ya tani moja, magurudumu manne na si sita. Yale ya sita ni ya wenye matrela makubwa zaidi, na hayaenei kwenye maegesho ya kanisa. Chapa achague anayoipenda. Zote zinavuta kupita haja, na nikibanwa nitasema Cummins, kwa sababu silinda sita zilizopangwa mstari mmoja fundi anazifikia kwa urahisi. Muhimu zaidi, achukue viti vya kitambaa. Ngozi, paa la kioo na rimu kubwa vyote vina uzito na vyote vinakatwa mgongoni. Najua ushauri huu utatushinda sisi wenyewe. Nshomile, yaani Mhaya msomi, hawezi kupigwa picha ya kutuma Bukoba kwenye viti vya kitambaa, nami simo katika watakaothubutu.

Mwisho, kwa wale walioanza kuuliza kama gari la namna hii linaweza kuletwa nyumbani likishachakaa: haliwezi. Vichujio vyake vya moshi vinataka dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni, na kiwango cha Afrika Mashariki kilichowekwa 2015 kiliruhusu 50. Usukani wake uko kushoto, na oili yake inaweza kufika lita 12 kila inapobadilishwa. Anayetaka kukokota trela la ndizi kutoka Kagondo hadi Kemondo anunue Land Cruiser ya 1HZ, asipakie lumbesa, na urea aipeleke kwenye mahindi.