Mzee Chuma Anajibu: Kunyanyua na Kunyanyuka

Wiki hii mfuko wa barua umekuwa mzito. Nimeunyanyua kwa magoti, si kwa mgongo. Nanyi fanyeni hivyo hivyo.

*Shikamoo Mzee Chuma. Nina miaka 19. Miezi mitatu sasa napiga vyuma vya zege tulivyomimina wenyewe kwenye makopo ya rangi. Kifua kimejaa, lakini binti wa chipsi hajageuka hata siku moja.*
Kifua Wazi, Ngarenaro

Marahaba, mwanangu. Kosa si la kifua, ni la Julai. Mwezi wa saba Arusha nzima imo ndani ya makoti. Hicho kifua kakiona nani? Ukipita na singlendi kwenye baridi ile, binti anaona mgonjwa mtarajiwa, si mchumba mtarajiwa. Halafu miguu umeisahau: juu baunsa, chini korongo. Weka kopo begani, chuchumaa, inuka. Ukimaliza, kanunue chipsi. Miezi mitatu unampitia tu mtoto wa watu!

*Shikamoo Mzee. Natafuta kazi ya ugumu, yaani kubeba mizigo ya wapandaji, Kilimanjaro. Jimu nanyanyua kilo 100, lakini juzi tumepanda Meru, kufika kambi ya Miriakamba nikawa hoi. Begi langu alilibeba askari wa hifadhi aliyekuja kutulinda na nyati.*
Pandikizi, Usa River

Marahaba. Hizo kilo 100 unazishika sekunde ngapi? Kilimanjaro mgumu hatakiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20, na mzigo hupimwa langoni. Unacheka? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Miriakamba ni mita 2,500 na ushei tu. Kilele cha Meru kiko mita 4,566, cha Kilimanjaro 5,895. Hiyo misuli nayo ni mzigo unaopanda nao, tena inadai hewa kule ambako hewa ni haba. Punguza chuma, ongeza vilima, na begi lenye mchanga mgongoni. Kazi ile haimtafuti mtu wa miraba minne. Inamtafuta mtu wa siku saba. Na yule askari, mpelekee soda.

*Mzee, shikamoo. Nina miaka 46, ofisi yangu iko karibu na Mnara wa Saa. Daktari kasema sukari inapanda, ninyanyue vyuma. Tangu Januari nimelipia jimu mwaka mzima. Nimekwenda mara mbili.*
Kitambi, Njiro

Mara mbili ni sawasawa, kama ingekuwa kwa wiki: Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya misuli angalau siku mbili kila wiki. Misuli ndiyo ghala kubwa la sukari mwilini. Wewe ghala umelifunga, na kila mlo unazidi kushusha magunia. Risiti ya jimu haikati kitambi, baba, hata ukiibandika tumboni.

*Habari za siku, Mzee. Nina miaka 71. Nikishakamua ng'ombe, kuinuka kwenye kigoda ni mpaka nimwite mjukuu. Nataka kwenda jimu, wanangu wanasema nitawaaibisha.*
Bibi, Akeri

Shikamoo, dada. Mwaka 1990 madaktari wa Boston, Marekani, walitangaza matokeo ya kuwanyanyulisha vyuma wazee dhaifu wa miaka kama 90. Kwa wiki nane nguvu za miguu zilizidi maradufu. Kwa hesabu hiyo wewe bado binti. Muone daktari kwanza, kisha anza na kigoda hicho hicho: kaa, inuka, mara tano, kutwa mara mbili, mkono karibu na ukuta. Kigoda kikizoeleka, nenda jimu. Wanao wakiona aibu, waambie wakakamue wao.

Barua tatu za juu zimeniuliza habari ya kunyanyua. Yako peke yake imeuliza kunyanyuka. Wale vijana watakuja kuniandikia tena. Ninawawekea jibu lako.