Mgonjwa wa Mwaka wa Pili

Mama yangu nilimuuguza mwaka mzima, kwa Kiingereza, bila mwenyewe kuwa na habari.

Ugonjwa ulianza pale fomu ya uzamili ya chuo kimoja cha Marekani iliponitaka nieleze kama kuna jambo kwenye matokeo yangu ambalo kamati inapaswa kulifahamu. Lilikuwepo. Nilimaliza uhandisi mitambo na GPA ya 2.9, tena kati ya tano. Kwa madaraja yetu, 4.4 kwenda juu ni la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, na 2.7 hadi 3.4 ndipo tulipo sisi wa lowa, watu wa kuulizwa "umetoka na ngapi?" tukajibu "namshukuru Mungu". Mwaka wa pili peke yake nilikula sapu tatu.

Nyumbani hawakujua. Baba alikwishatangaza kinyozini kwamba kijana wake ana apa, nami sikumsahihisha. Mzee akiwa chini ya wembe hasahihishwi.

Mjomba ndiye niliyempa siri. "Andika 2.9, nyamaza," akasema. "Wenzetu wanahesabia nne. Kule 2.9 ni mtu wa maana." Hesabu tamu hiyo, kwani vyuo vingi vya huko huweka mstari kwenye 3.0 kati ya 4.0, ningekuwa nimekosa kwa unywele tu. Lakini kando ya kisanduku cha GPA kuna kisanduku kingine, kidogo, kinachouliza: kati ya ngapi? Na transkripti unaipandisha papo hapo, na muhuri wake.

Basi yakabaki maelezo. Nikamlaza Mama hospitali miezi minne. Nikajiweka koridoni, nasoma madesa kwa taa ya wodi. Kufika aya ya tatu nilikuwa nafuta machozi kweli.

Mwisho wa kutuma ulikuwa tarehe 15 Desemba, saa tano na dakika 59 usiku kwa saa za mashariki ya Marekani, ambayo kwetu Dar ni saa moja na dakika 59 asubuhi ya tarehe 16. Usiku ule, saa nne hivi, Mama akagonga mlango. Simtanki la juu limekauka, na "hiyo mashine yako inanguruma tu". Yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyeifunga. "Mtu anataka kwenda Marekani kusomea pampu," akaongeza, "sisi tunachota kwa jirani."

Nikatoka na tochi. Mota ilikuwa ya moto, inanguruma bila kuzunguka. Nikaizima, nikafungua kiboksi cha pembeni: kapasita imevimba kama andazi, ubavuni imechanika. Sikuwa na nyingine, na usiku ule ningeipata wapi? Nikarudisha umeme, nikapenyeza kijiti cha mshikaki kwenye wavu wa nyuma, nikaisukuma feni. Ikashika. Maji yakaanza kupanda. Nikarudi ndani najisikia mhandisi.

Mama alikuwa kitandani kwangu, miwani puani, laptop magotini. Amefundisha Kiingereza sekondari miaka 31.

"Huyu mama aliyelazwa miezi minne ni nani?"

Nikasema maji yanapanda.

"Nauliza, maana mwaka huo nilikuwa mweka hazina wa harusi ya dada yako. Na hapa, kabla sijapelekwa wodini, kitenzi hakipatani na kiima."

Akavua miwani. "Mwaka wa pili ulikuwa unauza simu Kariakoo."

"Mama ulijua?"

"Ulinitumia hela ya bati za jikoni. Bumu gani linaezeka nyumba?"

Nikafuta wodi, korido na machozi. Nikaandika kwamba niliuza simu, vipindi vya thamodainamiki vikanipita, faida ikawa bati za jiko na jozi nne za viatu. Viatu Mama alisema nivitoe, nikaviacha. Nikaandika kwamba nilipoacha biashara, mwaka wa nne peke yake nilipata 3.6, kwamba tangu hapo nina miaka mitano kwenye pampu za maji, na kwamba bosi niliyemwomba barua ameniona nikiwa ndani ya shimo la kisima, hajaniona darasani. Maelezo ya kwanza yalikuwa yamenichukua wiki mbili. Haya hayakufika saa moja. Kisanduku kidogo nikakijaza: 5.0.

Asubuhi, saa moja na robo, nikatuma. Baba alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na kikombe kitupu.

"Mama yako ananiambia ni kati ya tano."

"Ndiyo, Baba."

Akakigeuzageuza kikombe. "Basi kinyozi tutabadilisha."

Chumbani ikasikika sauti: mgonjwa anaulizia chai yake. Birika lilikuwa tupu, na bomba nalo likatoa pumzi tu. Nikachukua kijiti changu cha mshikaki, nikaenda kuamsha mota.