Kwa Mkuu wa Masomo ya Mtandaoni: Mwalimu Wetu Yupo Sana

Mheshimiwa Mkuu,

Salamu kutoka Gudele, Juba. Huku hatujambo, bando lipo, na jenereta ya jirani inanguruma vizuri. Nakipongeza chuo chako (jina nalisitiri, kisije kikapata wanafunzi wengi zaidi) kwa kutuletea kozi ya takwimu isiyo na karatasi, isiyo na darasa na, kadiri siku zinavyokwenda, isiyo na mwalimu.

Si kwamba hayupo. Yupo sana. Picha yake iko juu kabisa ya ukurasa wa kozi, amefunga tai, anatabasamu, na chini pameandikwa kwamba anapatikana kila Jumatano saa mbili usiku. Basi Jumatano nikaenda kwa mama wa chai mwenye sola, nikachomeka simu, nikafungua kiungo. Ndani kweupe. Nikangoja mpaka mama akaanza kukusanya viti.

Ofisi yako ikanijibu kwa upole kwamba huenda nimekosea saa. Hapo nawapa haki yenu. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa nyuma kwa saa moja, tukaachana na Nairobi, Kampala na Dar es Salaam tuliokuwa nao sawa tangu uhuru wa 2011. Saa mbili ya mwalimu ni saa moja yangu. Wiki iliyofuata nikaingia saa moja. Hayupo. Nikakaa mpaka saa mbili. Hayupo. Mwenzangu wa Kampala, ambaye saa yake haikuguswa na mtu, alikuwa humo humo akimngoja. Tukapiga soga, tukafahamiana vizuri.

Nimemwandikia pia. Jibu huja kabla sijaweka simu chini: asante kwa ujumbe wako, utajibiwa ndani ya saa 48. Hasemi 48 za wapi. Na swali lenyewe si la kumtoa mtu jasho: kwa nini tukitafuta varianzi ya sampuli tunagawanya kwa idadi toa moja, badala ya idadi yenyewe? Kwenye kundi la WhatsApp limepata vitiki vya bluu, kwa hiyo limesomwa. Zoezi lenye swali hilo, mfumo wenu ulilifunga dakika ile ile iliyotangazwa. Mfumo hauchelewi.

Mtandao wa Juba una kasoro zake. Nyinyi mnazijua kuliko sisi, maana mnazitaja kila tukilalamika. Lakini Januari 2025, mamlaka yetu ya mawasiliano ilipofunga Facebook na TikTok baada ya kusambaa video za mauaji ya Wasudan Kusini huko Wad Madani, Sudan, ilitaja muda: hadi siku 90. Ikafungua kabla mwezi haujaisha. Yaani hata anayetufungia hutuambia mpaka lini. Na mwaka 1989, vita vilipokihamishia Chuo Kikuu cha Juba Khartoum, angalau wanafunzi walijua walimu wao wako Khartoum.

Siombi mwalimu afukuzwe. Nasikia mmembebesha kozi nne peke yake, na analipwa kwa kozi, si kwa swali. Ningekuwa yeye, ningejificha pia. Aliyeandika kwamba anapatikana si yeye, ni nyinyi.

Ila ipo ofisi yenu moja inayopatikana. Karo yangu ilipochelewa (mnataka dola, pauni zetu hamzitaki), mhasibu alinipigia mwenyewe, Jumapili jioni, sauti safi kama yuko chumba cha pili. Anajua jina langu, namba yangu na ya mjomba aliyenidhamini. Kwa unyenyekevu mkubwa, naomba kozi ya takwimu akabidhiwe yeye. Hesabu anazijua. Na siku nikimhitaji akawa haonekani, nitachelewesha karo.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa Gudele